Daku la Alasiri

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1924, siku chache kabla ya mvua za masika, Mzee Nyange wa Wingwi alilala baada ya sala ya adhuhuri, akaamka magharibi na kuomba uji wa asubuhi. Mkewe, Bi Mwanapili, alimwambia kwamba jua linatua. Mzee Nyange alilitazama jua kwa muda, akasema halitui, linachomoza, ila leo limekosea upande.

Ya kabla ya hapo Bi Mwanapili hakuyatia maanani. Kusahau jina la mkwe, kutafuta kofia iliyo kichwani, kumwita mke kwa jina la dada aliyekwisha kufa: wazee wengi wa Wingwi walifanya hivyo, na baadhi ya vijana pia. Lakini mtu aliyebadilisha usiku akaufanya mchana hakuwa amemwona bado.

Usiku Mzee Nyange alivaa kanzu, akafungua mlango, akaenda kwenye banda la mdogo wake Kificho na kuwatoa mbuzi kwenda kuwalisha. Hiyo ilikuwa kazi yake alipokuwa kijana, na aliifanya vizuri kama zamani. Mbuzi hawakuona ajabu yoyote. Walikula mihogo ya Kificho mpaka kukapambazuka. Mchana Mzee Nyange alilala kama mtu aliyechoka na kazi, na kweli alikuwa amefanya kazi.

Bi Mwanapili alijaribu kumrudisha kwenye mchana wake. Alimkalisha uani asokote kamba za makumbi ya nazi, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kijiji kizima kwa kusokota kamba. Vidole vikasokota, macho yakafumba, kamba ikaendelea kurefuka na mwenyewe anakoroma. Akampa kahawa chungu. Akalala na kikombe mkononi. Akamwimbia kwa sauti kubwa ili asisinzie, na jirani yake Bi Time akaja mbio kuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu," alisema Bi Mwanapili. "Namwamsha Mzee."

"Kwa sauti hiyo utamwamsha na aliyekufa," alisema Bi Time, akarudi kwake.

Usiku Bi Mwanapili aliegemeza kitanda mlangoni, akalala juu yake. Mzee Nyange alikuja akasimama mbele yake na taa ya kibatari mkononi, akamwangalia kwa wasiwasi.

"Weye binti wa nani?"

"Wa Mzee Masika, wa Kinyasini."

"Na usiku huu umo nyumbani mwangu? Baba yako akija atanambia nini?"

"Hatosema kitu. Alinioza mwenyewe."

"Kwa nani?"

"Kwako."

Mzee Nyange alifikiri. "Mahari nilitoa?"

"Ulitoa. Ng'ombe mmoja na kanga za mama."

"Basi sawa," alisema, akaonekana kuridhika. Baada ya muda alirudi tena na taa yake kuuliza yeye ni binti wa nani.

Mwezi wa Shaabani, alasiri moja, wanaume watatu walikuja barazani kwake. Mmoja alikuwa Kificho, shemeji yake, na kamba begani. Wa pili alikuwa Sheha Jecha, ambaye serikali ilimpa usheha na saa ya mfukoni, na kati ya hivyo viwili alivyopewa ni saa iliyofanya kazi. Wa tatu alikuwa Mwalimu Othman, imamu wa msikiti na mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu aliyesoma kwa mashehe wa Unguja na ambaye hakuacha siku ipite bila kukumbusha.

"Shemeji, mie sina ubaya na kaka yangu," alianza Kificho. "Ila mihogo yangu nayo haina ubaya na mtu. Tumfunge mguu mmoja tu, pale bandani kwangu, usiku. Kukicha tunamfungua."

"Kukicha ndiyo analala. Utamfungua ili alale?"

"Basi hakuna haja ya kumfungua."

Bi Mwanapili aliitazama ile kamba. Ilikuwa ya makumbi, imesokotwa sawasawa tangu mwanzo mpaka mwisho bila kivimbe hata kimoja. Mtu mmoja tu Wingwi alisokota kamba namna ile, naye alikuwa amelala chumbani.

Alimkumbuka Mzee Duni, baba wa Bi Time. Yeye naye alianza kutembea usiku, na wanawe wakakubaliana wamfunge mguu mmoja, usiku tu. Alipokufa alikuwa amefungwa miguu yote miwili, usiku na mchana, na waoshaji walivizungushia pamba vidonda vya vifundo. Bi Mwanapili alikuwepo. Ndiye aliyewachambulia pamba, nje ya pazia.

"Sitaki kamba," alisema. "Nataka mtu. Mtu mmoja aje akae na Mzee usiku mmoja, mie nilale, kisha usiku wa pili nikae mwenyewe. Nikilala usingizi mmoja tu uliokamilika, namudu. Nisipolala, siku moja n'taporomoka, na siku hiyo atatoka asirudi."

Ombi hilo lilipokewa kwa heshima. Kificho alisema mgongo wake haukubali kukesha. Sheha Jecha alisema mtu wa serikali hawezi kuwa macho usiku na macho mchana, na mchana ndipo serikali inapomtaka. Mwalimu Othman alingoja mpaka wenzake wakamtazama.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi tunazungumza kama kwamba huyu mtu anaumwa. Hebu tujiulize. Anaamka usiku, watu wote wamelala. Anavaa kanzu. Anatembea peke yake, midomo inacheza. Hizi ni sifa za nani?"

"Za mume wangu," alisema Bi Mwanapili.

"Hizi ni sifa za mcha Mungu, Bi Mwanapili. Huenda dunia imemtoka kwa sababu amepewa kilicho bora."

"Midomo inacheza kwa sababu anawaita mbuzi wa ujana wake, Mwalimu. Anawaita kwa majina. Wamekufa wote."

Mwalimu Othman alitabasamu kama anavyomtabasamia mtoto aliyekosea herufi. Sheha Jecha, ambaye hakuwa na haja ya sifa za wacha Mungu, alikuwa ameona jambo jengine. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Mabruki, aliyekuwa akizunguka kijijini na debe kuamsha watu wale daku, alikuwa ameoa Mtambile na kuhamia huko. Vijana wote walioombwa kushika nafasi yake walisema hawataki kuamka kabla ya wenzao.

"Na huyu ameshaamka," alisema Sheha Jecha. "Tumpe debe."

"Hajui usiku na mchana," alisema Bi Mwanapili. "Atawaamsha saa mtakayoijuta."

"Weye si upo? Weye utamwambia wakati. Yeye atapiga."

Hivyo shauri likamalizika. Yeye aliomba usingizi, akaongezewa kazi. Kamba Kificho aliichukua akarudi nayo, lakini hakuipeleka mbali. Aliitundika kwenye mlango wa banda lake, mahali ambapo Bi Mwanapili angeiona kila akienda kisimani.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri, Mwalimu Othman alitoa darsa kuhusu mambo yanayobatilisha funga. Wanawake walisikiliza nyuma ya ukuta. Mwalimu alieleza kwamba anayekula kwa kusahau, funga yake haina neno. Lakini anayekula akidhani bado ni usiku, kumbe ni mchana, huyo amefungua. Akijua tu atatema kilichomo kinywani, ataizuia nafsi yake mpaka magharibi, na siku hiyo atailipa baada ya Idi. Mtu mmoja akauliza ikiwa alidanganywa na wingu. Mwalimu akasema wingu halijapewa kazi ya kumfungia mtu saumu. Kila mtu na ahakikishe mwenyewe. Sheha Jecha alitoa saa yake akaitazama, kuonyesha kwamba yeye tayari.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri, na sababu yake ilikuwa Bi Mwanapili. Alikaa macho mpaka jogoo wa kwanza, akatoka uani, akatazama nyota zilikofika, kisha akalitungua debe ukutani na kumpa mumewe na fimbo. Akamfuata nyuma njia nzima, hatua chache, ili asigeuke kwenda kwa mbuzi. Mzee Nyange alilipiga debe kwa furaha. Alikuwa amepewa kazi ya usiku, wakati wa usiku, na watu walimwitikia kutoka madirishani. Wakirudi alikuwa bado na nguvu, naye Bi Mwanapili akamwekea daku, akamzungumzisha mpaka alfajiri, akamlaza, kisha akaanza kazi za mchana.

Kijiji kikashangaa jinsi Mzee Nyange asivyokosea wakati. Mwalimu Othman alisema msikitini kwamba mtu asiyejua jina la mkewe lakini anajua saa ya daku hana mwalimu wa kibinadamu. Watu wakaanza kumletea watoto wenye homa awashike vichwa. Aliwashika, akawauliza ni wa nani, na akina mama wakaliona swali hilo kuwa zito. Mwanamke mmoja alikuja kutoka kijiji cha pili na chupa ya maji ili Mzee aisomee. Mzee aliipokea chupa, akasema ahsante, akayanywa maji yote.

"Amekunywa maradhi ya mwanangu," alisema yule mwanamke, akaondoka ameridhika.

Hakuna aliyemletea Bi Mwanapili usingizi. Aliomba tena, mara mbili, na mara ya pili Mwalimu Othman alimwambia kwamba kukesha na mtu wa namna ile ni bahati, asiigawe ovyo.

"Mie naigawa bure, Mwalimu. Hata nusu yake. Chukua."

Mwalimu alisema ana darsa.

Ramadhani ilipopita nusu, masika ilishuka kwa uzito wake wote. Wanawake wa Wingwi walikuwa bondeni kwenye mpunga. Palizi haingoji Idi, na kila asubuhi walikwenda na funga zao na majembe yao. Wanaume walibaki kijijini wakiilinda funga. Waliilinda kwa kulala, tangu adhuhuri mpaka alasiri, na wengine tangu asubuhi mpaka adhuhuri vilevile. Bi Mwanapili peke yake kati ya wanawake wazima hakwenda bondeni, kwa sababu ya Mzee.

Siku hiyo baada ya adhuhuri wingu lilikuja jeusi kutoka baharini, likafunika bonde na kijiji. Mvua ikapiga makuti. Wanawake wakajificha kwenye vibanda vya kulindia ndege kule mpungani, wakakaa humo na watoto wadogo mgongoni. Kijijini giza likaingia ndani ya nyumba kiasi cha mtu kutoona mkono wake. Bi Mwanapili alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda cha mumewe, akimsikiliza anakoroma. Aliona afumbe macho mpaka mvua ipungue. Akaporomoka, kama alivyosema ataporomoka.

Mzee Nyange aliamka. Kulikuwa giza. Mkewe alikuwa amelala, jambo ambalo hakuwa amelishuhudia kwa muda mrefu, na bila shaka akaona huyu mwanamke amepitiwa na wakati. Debe lilikuwa ukutani mahali pake. Mvua ilikuwa imepungua, ikawa manyunyu. Akatoka.

Bi Mwanapili alizinduliwa na mlio wa debe ulioko mbali. Alipapasa kitanda, kitupu. Akatoka mbio kichwa wazi, akarudi kuchukua kanga, akatoka tena.

Katika nyumba za Wingwi wanaume walikuwa wakiamka. Kila mmoja aliona giza, akasikia debe, akahisi njaa kali. Wachache walijiuliza futari waliila saa ngapi, na wote waliojiuliza wakapata jibu moja: wamelala usingizi mzito, futari imewapita, mke amewaonea huruma hakuwaamsha. Kwa hiyo wakala daku na futari kwa pamoja. Vyungu vilikuwa mahali vilipo siku zote, na viporo vya watoto ndani yake. Kuhusu wake zao kutokuwepo, walidhani wamo jikoni kwa jirani. Sheha Jecha hakufanya haraka kama wengine. Yeye aliwasha kibiriti, akaitazama saa ya serikali. Ilikuwa saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu ndiyo saa ya daku, na saa ya serikali haioneshi zaidi ya hapo. Akala kwa utulivu, akasukutua, akanuia kufunga kesho.

Bi Mwanapili alilifuata debe. Njia ilipita uani kwa Mwalimu Othman, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amechutama mbele ya chungu, kibatari pembeni, mkono umo ndani ya wali wa nazi mpaka kwenye kifundo. Walitazamana.

"Mwalimu," alisema Bi Mwanapili, "hii alasiri."

Shavu la Mwalimu lilikuwa limejaa. Kwa mujibu wa darsa yake mwenyewe, mtu akijua wakati huo huo anatema. Mwalimu Othman alimtazama Bi Mwanapili, akatazama nje, akameza.

Bi Mwanapili hakungoja. Alimkuta Mzee Nyange mbele ya msikiti, ameloa, anapiga debe kwa furaha. Sheha Jecha alikuwa anafika na kandambili za mti, udhu ameshatia, tayari kwa sala ya alfajiri. Nyuma yake alikuja Kificho na punje ya wali kwenye ndevu. Ndipo wingu likafunguka. Jua likatoka, zima na kamili, nalo likatoka upande wa magharibi.

Kila mtoto wa chuo anajua jua kutoka magharibi ni dalili ya nini. Sheha Jecha alipiga magoti kwenye tope. Alitoa shahada kwa sauti iliyosikika mpaka kisimani. Kisha, kwa kuwa alijua mlango wa toba unafungwa Kiyama kinapokaribia, akaona auwahi. Akasema anaomba msamaha kwa uongo, na kwa usengenyaji, na kwa kuusogeza mpaka wa shamba la Kificho, minazi mitatu, mwaka wa ndui.

"Minazi gani?" aliuliza Kificho, naye akiwa magotini.

"Ile ya chini."

"Sheha," alisema Bi Mwanapili, "ni alasiri. Jua linaelekea kutua. Inuka, umechafuka."

Mzee Nyange alilitazama jua. "Nilikwambia," alimwambia mkewe. "Linakosea upande."

Bi Mwanapili akamshika mkono akamrudisha nyumbani. Adhana ya alasiri siku hiyo ilichelewa, na sauti ya muadhini ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeshiba.

Wanawake waliporudi kutoka bondeni na watoto wanaolia njaa, walifunua vyungu. Katika nyumba moja mume alisema ni paka. Katika nyumba ya pili, bila kusikilizana na ya kwanza, mume alisema ni paka. Bi Time, ambaye mumewe alisema paka amekula sufuria ya muhogo wa nazi na kuifunika tena, alikuja kumhadithia Bi Mwanapili huku machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Nimemuuliza, huyo paka alisukutua au hakusukutua?"

Bi Mwanapili hakucheka. Alikuwa amekwenda kisimani na kuona kwamba ile kamba haipo tena mlangoni kwa Kificho.

Kikao kiliitishwa kesho yake baada ya adhuhuri, kwenye baraza ya msikiti. Wanaume walikuja wengi kuliko sala ya jamaa. Kamba ilikuwa miguuni mwa Kificho. Bi Mwanapili hakuitwa, lakini alikuja, akasimama chini ya ngazi na Bi Time pamoja naye, na nyuma yao wakaja wanawake wengine waliodai wanapita kwenda bondeni, ingawa bonde liko upande mwengine.

Sheha Jecha alifungua. Alisema Mzee Nyange amekihujumu kijiji katika mwezi mtukufu, kwamba uchaji Mungu una mipaka, na kwamba kuanzia leo atafungwa kwenye banda la mdogo wake, usiku na mchana, kwa usalama wake.

"Alikwambieni nani usiku na mchana?" aliuliza Bi Mwanapili. "Mwezi jana ilikuwa usiku tu."

"Mwezi jana alikuwa hajatudhuru."

"Kamdhuru nani?"

"Kijiji kizima."

"Kijiji si mtu, Sheha. Nitajie mtu."

Bi Mwanapili alikuwa hajalala tena tangu jana, na hakuwa na nguvu za kusema maneno mengi, kwa hiyo alisema machache.

"Mtu aliyepigiwa debe alasiri akacheka akalala, huyo hakudhurika. Aliyedhurika ni aliyekula. Basi aliyekula aseme. Mwalimu yuko hapa, atampa hukumu yake, na wake zenu wako hapa, watamsikia. Akisema mmoja tu, mie mwenyewe n'tamfunga mume wangu, na kamba ile anaijua, kaisokota yeye."

Wanaume wakaiangalia kamba.

"Wanaume mie nawaona wengi," alisema Bi Time. "Paka sioni hata mmoja."

"Bi Time, hiki ni kikao," alisema Sheha Jecha.

"Ndiyo, nami nimekuja kushtaki. Kuna mnyama kanilia muhogo. Nani atamtolea ushahidi?"

Sheha Jecha alimgeukia Kificho. Kificho alifungua mdomo. Ilionekana kwamba alikuwa na la kusema kuhusu mihogo, na la kusema zaidi kuhusu minazi mitatu ya chini. Lakini la minazi alilisikia mahali fulani, wakati fulani, akiwa amekwisha kula, na hakukuwa na njia ya kulitaja shamba bila kuutaja wali. Akafunga mdomo.

"Mwalimu," alisema Bi Mwanapili, "weye ndiye uliyesoma. Kuna aliyekula?"

Mwalimu Othman alimtazama kwa mara ya kwanza tangu jikoni. Alijua kwamba Bi Mwanapili angeweza kumtaja papo hapo. Alijua pia kwamba hajamtaja.

"Kwa ninavyojua mimi," alisema polepole, "hakuna aliyekula."

"Al-hamdulillahi," walisema wanaume wengi kwa pamoja.

"Basi hakuna aliyedhurika," alisema Bi Mwanapili. "Na hakuna wa kufungwa."

"Hakuna," alisema Mwalimu.

"Na mie usiku wa leo nataka mtu."

Sheha Jecha alianza kusema jambo kuhusu serikali. Mwalimu Othman alimkatiza, na watu walishangaa, kwa sababu Mwalimu hakuwa na desturi ya kumkatiza mtu mwenye saa.

"N'takuja mie," alisema. "Kesho atakuja Sheha. Keshokutwa Kificho."

"Mgongo wangu..." alisema Kificho.

"Mgongo wako ulipiga magoti vizuri tu jana," alisema Mwalimu, kisha akaonekana kujuta kulisema, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia, na aliyeyaona magoti yale ni aliyekuwa ameitikia debe.

Kamba Bi Mwanapili aliiokota mwenyewe. Alikwenda nayo nyumbani akaanikia nguo.

Tangu usiku huo mpaka mwisho wa Ramadhani, mmoja wa watu watatu alikaa barazani kwa Mzee Nyange. Debe alilipiga yule aliyekuwa zamu, Mzee akiwa pembeni yake akimsahihisha mapigo. Sheha Jecha aliripoti kwamba Mzee alimuuliza yeye ni mtoto wa nani mara zisizohesabika, na kwamba ilipofika asubuhi yeye mwenyewe hakuwa na hakika ya jibu. Kificho alirudi kwake amejua majina ya mbuzi wote wa marehemu baba yao. Uchaji Mungu wa Mzee Nyange haukutajwa tena msikitini.

Idi ilipita. Kuna sunna ya kufunga sita baada ya Idi, siku sita za mfungo mosi, na kwa desturi Wingwi waliozifunga walikuwa vikongwe wachache na mtu mwenye nadhiri. Mwaka huo wanaume wakaifunga kwa wingi usiopata kuonekana. Mume wa Bi Time alifunga. Kificho alifunga. Sheha Jecha alifunga, akaitazama saa siku nzima. Kila mmoja alisema anafunga sita, na kila mmoja alifunga siku moja, akaacha.

Mwalimu Othman alifunga siku ya Jumatatu. Hakuwa na zamu. Zamu zilikwisha na mwezi. Lakini magharibi alipokwisha kufuturu alikuja na mkeka wake, akautandika barazani, akakaa na Mzee Nyange. Bi Mwanapili aliwawekea birika la kahawa, akaingia chumbani, akajinyoosha kitandani. Ukuta ulikuwa wa udongo, na maneno ya barazani yalipita.

"Weye mtoto wa nani?" aliuliza Mzee Nyange.

"Mie Othman, Mzee. Mwalimu."

"Leo umefunga?"

"Nilifunga. Nimefungua sasa hivi."

"Unalipa?"

Kikombe kiliwekwa chini.

"Nalipa, Mzee."

"Daku nilikuamsha?"

"Uliniamsha."

"Ukala?"

"Nilikula," alisema Mwalimu Othman.

Bi Mwanapili alisikia birika linamimina kahawa. Akageukia ukutani, akalala, na aliamka jua limeshapanda.